Wasifu: Giovanni Alfonso Borelli, Baba wa Biomekanika

Giovanni Alfonso Borelli alizaliwa tarehe 28 Januari mwaka wa 1608 mjini Naples, kusini mwa Italia. Wakati huo mji huo ulikuwa chini ya mfalme wa Uhispania, na babake, Miguel Alonso, alikuwa askari wa miguu wa Kihispania. Mamake, Laura, alikuwa mwenyeji wa huko. Jina la Borelli, ambalo mwana huyu alikuja kujulikana nalo, halikutoka kwa babake bali upande wa mamake. Hakuzaliwa katika ukoo wa wasomi wala wa matajiri, na hadi alipofariki hakuwa na mali ya kutajika. Hata hivyo, daktari wa mifupa anayejiuliza leo kiungo fulani kitabanwa kwa nguvu kiasi gani baada ya upasuaji hufuata njia iliyofunguliwa na mwana wa askari huyo.

Watahiniwa wengi huliogopa neno biomekanika. Maana yake si ngumu: ni elimu inayoutazama mwili wa kiumbe kama mashine, ikipima nguvu zinazousukuma, zinazouvuta na zinazoukandamiza. Neno lenyewe halikuwapo enzi za Borelli. Kazi ilitangulia, jina likafuata baadaye sana.

Akiwa kijana wa miaka ishirini hivi, Borelli alikuwa Roma akisoma hisabati kwa Benedetto Castelli, mtawa aliyekuwa mwanafunzi wa Galileo Galilei. Mwenzake katika masomo hayo alikuwa Evangelista Torricelli, yule yule ambaye mtahiniwa wa Fizikia humkumbuka kwa bomba la zebaki la kupimia kanieneo ya hewa. Kwa Castelli vijana hawa walifunzwa njia ya Galileo: jambo la maumbile lipimwe, lihesabiwe, kisha lijaribiwe tena. Njia hiyo ilikuwa na hatari zake. Mnamo mwaka wa 1633 Galileo alihukumiwa na mahakama ya Kanisa mjini Roma kwa kutetea fikra kwamba dunia hulizunguka jua, akamalizia maisha yake katika kifungo cha nyumbani. Borelli alikuwa na umri wa miaka 25. Pengine ndiyo sababu, miaka mingi baadaye, alipoandika kuhusu nyota yenye mkia iliyoonekana mwishoni mwa mwaka wa 1664, alikichapisha kijitabu chake kwa jina la bandia.

Katika miaka ya 1630 alipata kazi ya kufundisha hisabati mjini Messina, katika kisiwa cha Sicily. Wakuu wa mji walimwamini kiasi kwamba mwaka wa 1642 walimtuma azunguke Italia kuwatafutia wahadhiri bora. Homa kali ilipokikumba kisiwa hicho mwaka wa 1647 na 1648, Borelli, ambaye hakuwa daktari, aliandika kitabu kilichokataa kwamba chanzo cha homa hiyo ni nyota au hali ya hewa. Kwa maoni yake, kulikuwa na kitu kilichoingia mwilini kutoka nje. Kwa mara ya kwanza mwanahisabati huyu alikuwa ameugeukia mwili wa binadamu.

Mwaka wa 1656 alihamia Pisa kuwa profesa wa hisabati, na miaka kumi na moja aliyokaa huko ndiyo iliyomfanya awe Borelli tunayemjua. Mwaka wa 1657 Mwanamfalme Leopoldo wa ukoo wa Medici alianzisha chama cha wanasayansi kilichoitwa Accademia del Cimento, yaani chuo cha majaribio, na Borelli akawa mmoja wa nguzo zake. Pamoja na Vincenzo Viviani alipima kasi ya sauti kwa kutazama mmweko wa mzinga kutoka mbali na kuhesabu muda uliopita kabla ya mlio kufika masikioni. Walipata takriban mita 350 kwa sekunde. Mtahiniwa akilinganisha na mita 340 hivi anazotumia darasani ataona kwamba si haba kwa watu wasiokuwa na saa za kisasa. Ni katika miaka hiyo pia alipoitambua, katika maktaba ya ukoo wa Medici, hati ya Kiarabu iliyokuwa na sehemu za kitabu cha Apollonius, mwanahisabati Mgiriki wa kale, ambazo kwa Kigiriki zilikuwa zimepotea. Aliipeleka Roma kwa msomi wa Kilebanoni, Abraham Ecchellensis, wakaifasiri kwa Kilatini na kuichapisha mwaka wa 1661. Ulaya ilikipata kitabu chake tena kupitia Kiarabu.

Lakini jambo kubwa zaidi lilitokea nyumbani kwake. Alitenga mahali pa kupasulia wanyama, na mwenzake katika kazi hiyo alikuwa daktari kijana, Marcello Malpighi. Malpighi alimfundisha Borelli viungo vya mwili. Borelli alimfundisha Malpighi kufikiri kwa vipimo. Mwaka wa 1661 Malpighi alipoiona kwa hadubini mishipa midogo mno ya damu katika mapafu ya chura, habari hiyo aliitoa katika barua mbili alizomwandikia Borelli. Baadaye wawili hawa walikosana. Borelli alikuwa mwepesi wa kukasirika, na urafiki wake na watu wengi haukudumu.

Sasa tufike kwenye fikra iliyompa jina. Tangu enzi za Wagiriki wasomi waliamini kwamba mwili umeundwa kwa hekima ya kubana matumizi: misuli hutumia nguvu kidogo kuinua mizigo mikubwa, kama mtu anayeng'oa jiwe kwa mtaimbo. Borelli aliitazama mifupa, akapima umbali kutoka kwenye kiungo hadi pale msuli unapojishika, akaona kwamba kinachotokea ni kinyume kabisa. Msuli hujishika karibu sana na kiungo, ilhali mzigo huwa mbali. Kwa hiyo nguvu ya msuli haina budi kuuzidi mzigo, tena kwa mara nyingi.

Tuchukue mfano, kwa vipimo vyetu wenyewe. Mtu amekunja mkono mbele yake, kiganja kikitazama juu, na ameshika mzigo wa kilo 5, ambao uzito wake ni nyutoni 50 hivi. Kutoka kwenye kisugudi, yaani kiungo cha katikati ya mkono, hadi kiganjani ni sentimita 32. Msuli wa mbele ya mkono wa juu umejishika kwenye mfupa sentimita 4 tu kutoka kwenye kisugudi. Kisugudi ndicho egemeo. Kwa kanuni ya momenti, 50 mara 32 ni 1,600. Gawanya kwa 4, unapata 400. Msuli unavuta kwa nyutoni 400 ili kuushikilia mzigo wa nyutoni 50. (Uzito wa mkono wenyewe tumeuacha ili hesabu iwe nyepesi.) Na kazi haijaisha. Msuli unavuta juu kwa nyutoni 400, mzigo unavuta chini kwa nyutoni 50. Nyutoni 350 zinazobaki lazima zisawazishwe na kitu fulani. Kitu hicho ni mfupa wa juu, unaosukuma chini ndani ya kiungo. Hatua hii ya mwisho watahiniwa wengi huiruka, nayo ndiyo yenye uzito kwa daktari: kiungo hubanwa kwa nguvu ambayo mwenye mkono haioni wala haijui, hata anapoinua kitu chepesi.

Je, mwili unafaidika nini kwa mpango huu wa gharama? Unafaidika kwa mwendo. Katika mfano wetu, msuli ukifupika kwa sentimita 1, kiganja husogea sentimita 8. Kinachopotea kwa nguvu hurudi kwa kasi na upana wa mwendo, ndiyo maana mtu anaweza kurusha jiwe.

Borelli hakutosheka na hesabu za karatasini. Alining'iniza mizani ya uzito kwenye viungo mbalimbali vya mwili ili ajue misuli inaweza kuhimili kiasi gani, hata taya: kamba ilipitishwa juu ya magego na kufungwa mawe ya uzani, na mtu akatakiwa kuyainua kwa kuuma. Ili kupata kitovu cha uzito wa mwanadamu, alimlaza mtu juu ya ubao ulioegemezwa kwenye ncha kali, akausogeza hadi ukatulia bila kuinama upande wowote. Michoro ya kazi yake imejaa wachukuzi waliobeba mizigo mabegani na mgongoni, na juu ya kila kiungo kuna mistari na herufi za jiometri. Vilevile alilinganisha misuli ya kifua ya ndege na ya mwanadamu, akahitimisha kwamba mwanadamu hawezi kuruka kwa mabawa ya kujifunga mikononi, kwa kuwa misuli yake ni dhaifu mno kwa uzito wake. Hesabu hiyo ingewaepusha watu wengi na mikono iliyovunjika.

Mwaka wa 1667 aliondoka Pisa akarudi Messina. Mlima Etna ulipolipuka mwaka wa 1669 na uji wa moto kushuka hadi mji wa Catania, aliuchunguza kwa makini na mwaka uliofuata akatoa kitabu kuuhusu. Hata hivyo, siasa ya Messina ilikuwa imechafuka. Mji ulinung'unikia utawala wa Uhispania, na Borelli akashukiwa kuwa upande wa wapinzani. Mwaka wa 1672 ilimbidi akimbie. Miaka miwili baadaye uasi ulilipuka kweli, lakini yeye alikuwa tayari yuko Roma, mzee wa miaka zaidi ya sitini, bila cheo na bila mshahara wa chuo.

Aliyempokea huko alikuwa Christina, aliyekuwa malkia wa Uswidi. Christina alijiuzulu ufalme mwaka wa 1654, akageukia Ukatoliki na kuhamia Roma, ambako alipenda kuzungukwa na wasomi. Borelli alitoa mihadhara mbele yake na kuishi kwa fadhila zake. Kisha, mwaka wa 1677, mtumishi wake alimwibia kila alichokuwa nacho. Mzee huyo alikwenda kuomba hifadhi kwa mapadri wa San Pantaleo, shirika lililosomesha watoto wa maskini, nao wakampa chumba. Aliwalipa kwa kuwafundisha hisabati vijana wao. Kilichobaki mikononi mwake ni maandishi ya kitabu alichokuwa akikitunga tangu siku za Pisa, karibu miaka ishirini.

Kitabu hicho kiliitwa De Motu Animalium, yaani Kuhusu Mwendo wa Wanyama. Mwishoni mwa mwaka wa 1679 Christina alikubali kulipa gharama za uchapishaji. Borelli hakukiona. Alifariki tarehe 31 Desemba mwaka huo huo, akiwa na umri wa miaka 71. Padri Giovanni di Gesù wa San Pantaleo ndiye aliyehakikisha kwamba juzuu ya kwanza inatoka mwaka wa 1680 na ya pili mwaka wa 1681. Kama padri huyo angeyaweka maandishi sandukuni, kama ilivyotokea kwa maandishi ya wengi, leo tungekuwa na jina tupu.

Kitabu hakikosi makosa. Borelli aliamini kwamba msuli hufupika kwa kuvimba, majimaji ya neva yanapochanganyika na damu na kuchemka kama kitu kinachochacha. Hilo si kweli. Makadirio yake ya nguvu za moyo nayo yalipita kiasi mno. Mtahiniwa anayeandika wasifu asiyafiche mambo kama haya. Wasifu usio na dosari hugeuka kuwa sifa tupu. Lakini hesabu ya wenzo, egemeo na mbano wa kiungo imesimama hadi leo, na mahali pazuri pa kuiona ikifanya kazi ni kifundo cha mkono.

Kisugudi kina mifupa mitatu tu. Kifundo cha mkono kina mifupa midogo minane iliyopangwa katika safu mbili, nayo imekaa kati ya mifupa ya kiganja na mifupa miwili mirefu ya mkono. Hakuna hata mmoja kati ya hiyo minane unaotembea peke yake: mmoja ukiinama, jirani huzunguka kidogo, na ligamenti kadhaa huizuia isitawanyike. Nguvu ikitoka kiganjani, takriban asilimia 80 yake hupita kwenye mfupa mrefu wa upande wa kidole gumba, na asilimia 20 iliyosalia upande wa kidole cha mwisho. Kwa kuwa kano za vidole hupita karibu sana na kifundo, kukaza ngumi tu kunatosha kuibana mifupa hii kwa nguvu inayozidi mara kadhaa ile inayoonekana vidoleni. Borelli angelitambua jambo hilo mara moja.

Mtu akianguka na kutanguliza kiganja, mfupa mmoja wa kifundo, skafoidi, unaweza kuvunjika au ligamenti zake kukatika. Asipotibiwa vizuri, gegedu inayofunika ncha za mifupa hulika miaka inavyopita na kila kazi ya mkono huwa ni maumivu. Njia mojawapo ya kutibu ni kuunganisha mifupa. Daktari hukwangua gegedu iliyobaki, huishikamanisha mifupa kwa skrubu, nyaya au bamba la chuma, kisha huisubiri iote kuwa mfupa mmoja. Katika upasuaji mmoja unaojulikana sana, skafoidi huondolewa na mifupa minne ya jirani kuunganishwa. Mgonjwa hubaki na takriban nusu ya mwendo wa kifundo. Kikiunganishwa chote, hakikunjiki tena kabisa, ingawa vidole hufanya kazi na mkono huweza kugeuza kiganja juu na chini.

Maumivu hupungua, lakini nguvu haikuondoka. Ilikuwa ikipita kwenye kiungo fulani. Kiungo hicho sasa kimefungwa, kwa hiyo inatafuta njia nyingine. Viungo vilivyobaki wazi huchukua mzigo na mwendo ambao havikuzoea, na huenda navyo vikaanza kulika. Ni viungo vipi, na kwa kiasi gani? Swali hilo haliwezi kujibiwa kwa kutazama ngozi, wala si rahisi kulijibu kwa kalamu, kwa sababu misuli na ligamenti zinazovuta ni nyingi kuliko milinganyo ya momenti inayopatikana. Hapo ndipo kompyuta inapoingia.

Watafiti huchukua picha za skani za mkono na kuunda modeli ya kila mfupa ndani ya kompyuta. Ligamenti huwekwa kama springi, na nguvu ya kila springi hukua kadiri inavyovutwa. Hii ni kanuni ya Hooke, iliyochapishwa mwaka wa 1678, Borelli akiwa bado anafundisha San Pantaleo. Mfupa wenyewe unaweza kugawanywa katika vipande vidogo maelfu kwa maelfu ili mbano wa kila kipande ujulikane. Kisha kano huvutwa, na kompyuta huisogeza mifupa kidogo kidogo hadi nguvu zote na momenti zote ziwiane. Baada ya hapo mifupa kadhaa hufungwa pamoja, kana kwamba imeunganishwa kwa skrubu, na hesabu hurudiwa tangu mwanzo. Tofauti kati ya hesabu ya kwanza na ya pili ndiyo inayoonyesha mzigo umehamia wapi. Mwanadamu hakukatwa hata unywele.

Modeli kama hizi lazima zilinganishwe na majaribio kwenye mikono ya watu waliotoa miili yao kwa sayansi baada ya kufa, kwa maana springi ya kompyuta hutii tarakimu uliyoiweka, iwe sahihi au la. Kwa sasa hutumika zaidi katika utafiti kuliko kando ya kitanda cha mgonjwa. Lakini uamuzi unaosubiri majibu yake ni wa kila siku. Mvunja kokoto anaweza kukikubali kifundo kisichokunjika mradi ashike nyundo bila maumivu. Fundi cherehani atauliza kama anaweza kubakiziwa nusu ya mwendo, na nusu hiyo itadumu miaka mingapi kabla kiungo kilichoachwa wazi hakijaanza kulika kama kile kilichofungwa.